Mtu wa Kumsemea Sekela

"Sisi tunathibitisha cheo na tarehe tu, dada. Zaidi ya hapo haturuhusiwi."

Sekela aliibana simu sikioni. "Lakini wewe unanijua. Tumekula wote pale kantini."

"Nakujua," ofisa utumishi wa kiwanda alisema, sauti ikishuka. "Kuna mtu alisemwa vibaya alipoomba kazi kwingine, akatushtaki. Tangu hapo wote tumefungwa midomo. Nisamehe."

Simu ikakatika. Sekela akabaki anazunguka uani, kutoka bombani hadi getini, kutoka getini hadi bombani. Hapo Tandika palikuwa kwa kaka yake, na siku hizi wifi yake, Tabu, alikuwa ameanza kufunika sufuria kila anapomsikia akiingia jikoni.

Kazi ilikuwepo. Hoteli moja ya ufukweni, Kunduchi, ilimfanyia usaili wa kusimamia stoo ya baridi, wanakohifadhi samaki na nyama. Bwana Stanley, meneja wa hoteli, alimpenda. Ila alitaka bosi aliyewahi kumsimamia azungumze naye kwa mdomo wake kabla wiki haijaisha.

"Tarehe haziniambii mtu ana mkono mwepesi au mzito," alisema.

Aliyebaki ni Leodegar peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa stoo kule kiwandani, na kwa kuwa naye alishapunguzwa kazi, amri ile haikumbana tena. Tatizo ni jinsi walivyoachana. Sekela aliondoka ghafla msimu wa sikukuu, mizigo imejaa mlangoni, akaenda Tukuyu kumuuguza mama yake. Maneno ya mwisho ya Leodegar kwenye simu yalikuwa: "Nenda, na usirudi!"

Namba yake ya zamani haikupatikana tena. Sekela akaenda kumsumbua mlinzi wa kiwanda mpaka akamwambia: yuko Kigamboni, anafuga kuku. Akavuka kwa kivuko asubuhi hiyohiyo, akipanga maneno na kuyapangua.

Alipokelewa na mkewe, Mama Petro, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Labda wewe utamtuliza huyu mzee. Tangu wampunguze hakai. Ameshapanga upya hata sufuria zangu, eti zilizoingia kwanza zitoke kwanza, kama stoo."

Leodegar alitokea bandani, buti miguuni. Alimwona Sekela, akasimama.

"Shikamoo, bosi."

Aliitikia baada ya kumtazama kwanza. "Marahaba. Wewe uliniacha na mizigo mlangoni."

"Mama alikuwa anaumwa."

"Najua. Alipona?"

"Hakupona."

Kuku walilia. Leodegar akavua kofia, akaishika mkononi kitambo bila kujua aiweke wapi.

"Pole, binti. Kaa. Niambie umekuja na shida gani."

Sekela akamweleza yote kwa pumzi moja. Leodegar alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwishowe akauliza, "Hiyo stoo yao ni kubwa?"

"Kubwa, bosi. Vyumba kwa vyumba."

"Mwambie huyo bwana anipigie. Hata sasa hivi."

Bwana Stanley alipiga kabla chai haijapoa. Leodegar akatoka na simu hadi kwenye banda la kuku. Sekela alitega sikio.

"Mwaminifu, ndiyo… Sijawahi kumtilia shaka. Nimemfundisha mwenyewe." Halafu sauti ikapanda. "Ndugu yangu, stoo ya baridi inataka nidhamu! Kosa lenu ni kufungua milango ovyo. Mnaumiza mashine, samaki wanalainika… Hapana, hapana, kamba hawawekwi hapo! Nikwambie tulivyokuwa tunafanya…"

Mkono wake ulikuwa hewani, unachora rafu na milango. Mama Petro akacheka mlangoni. "Umemfufua mwenzangu."

Maongezi yalikuwa marefu. Sekela alihisi machozi yanamlenga. Mtu aliyemfukuza kwa simu leo anampigania kwa simu. Leodegar aliporudi, uso ulikuwa unang'aa, na hakuweza kukaa.

"Wamesemaje, bosi?"

"Wamefurahi. Wamefurahi sana." Akamsindikiza hadi barabarani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya enzi za kiwanda.

Jumamosi ikapita. Jumapili kanisani Sekela alikaa na simu mapajani. Jumatatu alifua nguo zilizokuwa safi. Kila simu iliyolia mtaani, hata ya jirani, ilimwinua kwenye kiti. Jumanne uvumilivu ukamwishia, akampigia Bwana Stanley.

"Vuta subira, dada," Stanley alisema, kama mtu aliyeshikwa na shughuli. "Tunakamilisha mambo. Ila nikushukuru, yule mdhamini wako ametuvutia mno."

Basi akashona kifungo cha blauzi, akaipiga pasi, akaitundika mlangoni ambapo wifi yake angeiona. Tabu aliiona. Jioni hiyo sufuria haikufunikwa.

Jumatano kulipopambazuka, bado kimya. Sekela akaona amtafute Leodegar, amshukuru vizuri, na kama haitakuwa usumbufu, amwombe awakumbushe tena watu wa hoteli. Akapiga. Simu ikapokelewa na Mama Petro.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuwasumbua asubuhi. Bosi yupo?"

"Marahaba, mwanangu! Simu yake kaisahau kwenye chaji, ametoka mbio alfajiri asije akachelewa. Mungu akubariki kwa kutuunganisha, maana tulishakata tamaa. Leo ndiyo anaanza kazi pale hotelini, Kunduchi."