Mkono wa Vidole Vitatu

Kifurushi kilifika nyumbani kwa Suhaila, mtaa wa Crescent Town, mwezi Machi, baada ya kungojwa tangu majira ya joto yaliyopita. Suhaila alikifungua akiwa amesimama, koti bado mwilini.

Ndani mlikuwa na mpini wa bastola, wa mbao nyeusi, uliochongwa vizuri mno. Ulikuwa na mabonde matatu ya kulaza vidole: cha kati na viwili vya mwisho, ambavyo yeye hakuwa navyo. Alipoushika, matuta yake yalimchoma kwenye makovu, pale mashine ya kukatia mikate kazini ilipomkata vidole viwili vya mwisho.

Akampigia simu fundi, mzee anayechonga peke yake huko magharibi mwa nchi.

"Nilikutumia mchoro wa mkono wangu."

"Niliuona, mama. Nikadhani umekosea kuchora, nikaongeza vidole vilivyokosekana." Karatasi ilisikika ikifunuliwa upande wa fundi. "Nisamehe sana. Urudishe, nitakuchongea mwingine. Ila foleni ni ndefu, labda hadi mwisho wa mwaka."

Mashindano ya kulenga shabaha yalikuwa Mei, ya kwanza kwake tangu ajali ile.

"Mke wangu, pumzika sasa," mumewe alisema kutoka jikoni. "Hata klabuni walikwambia ukae utazame tu."

Suhaila alikata simu. Alichukua tupa, akaubana mpini katikati ya magoti, akaanza kuyasaga matuta. Unga wa mbao ukamwagika juu ya zulia.

Mumewe alikuja mbio. "Utauharibu!"

"Huu ulikuwa wa mtu mwingine," alisema bila kuinua kichwa. "Sasa ndio unakuwa wangu."