Onyo Ndani ya Kivinjari

Kidole cha Solveig kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta alipoliona onyo katikati ya msimbo, yaani maandishi yanayoendesha programu: "Usiguse hapa. Kuna watu wataumia."

Kivinjari cha bure, programu ya kufungulia kurasa za mtandao aliyoitengeneza na wenzake, kilikuwa kimezeeka. Kurasa mpya zilikuwa zinakishinda. Saa sita mchana toleo jipya lingeingia kwenye kompyuta laki mbili, na sehemu hii kuukuu ndiyo iliyokuwa imelikwamisha.

"Futa tu, mama! Mbona unaogopa kama umeona nyoka?" mwenzake wa Toronto alimcheka kwenye simu.

"Aliyeandika hivi hakuandika bure."

"Basi mtafute umuulize."

Kila mstari ulihifadhiwa pamoja na jina la aliyeuandika. Solveig akafungua kumbukumbu. Ikatokea tarehe ya miaka kumi na tisa iliyopita, na jina lake mwenyewe.

Akakodoa macho. Watu gani? Alijaribu kukumbuka hata mmoja, asimpate. Nje, theluji ya mji wa Duluth ilikuwa ikianguka. Akakirudisha kidole juu ya kitufe.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Haya, anasemaje?"

Zilibaki dakika nne kufika saa sita.

"Anasema tufute."