Njia ya Sisimizi wa Falonne

Falonne alibonyeza kitufe, na mstari mwekundu uliokatiza pori ukafutika kwenye skrini. Kidole chake kikabaki palepale, hakitaki kunyanyuka.

Mstari ule ulichorwa na sisimizi wake, nukta ndogo za kompyuta alizozituma zimtafutie njia fupi ya kuleta samaki kutoka ziwani Kyavinyonge hadi mjini Butembo. Zilifuata safari za simu za wenye pikipiki. Kama sisimizi wa kweli, kila nukta iliacha harufu, nyingine zikaifuata, na mstari ukazidi kuiva.

Leo alikuwa amesahihisha jambo moja tu: harufu iachwe na anayefika Butembo, siyo na kila anayeingia porini.

Porini hapakubaki hata alama. Simu zote zilizoingia zilikuwa zimezimika mahali pamoja, na hazikuwaka tena.

Asubuhi ile, yeye mwenyewe ndiye aliyempa yaya wake, yaani kaka yake, njia hiyo. Alimpigia simu.

“Yaya, geuka! Rudia kule umetoka!”

Pikipiki ilinguruma sikioni mwake.

“Unasema nini? Lakini Falonne, njia yako iko muzuri kabisa! Hata mutu moja hakuna.”