Kiti cha Mgeni

Hidaya alikuwa ameshamchagua msimamizi wa shahada yake ya uzamivu: profesa wa uchumi mwenye jina kubwa, katika chuo cha mbali. Kwa Profesa Mbwilo, mzee ambaye naye aliwahi kumfikiria kuwa msimamizi, alikuja kuaga tu. Wiki iliyopita walizungumza kuhusu utafiti wake wamesimama, kwa kuwa kiti cha wageni kilikuwa kimejaa vitabu.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu!"

Leo vitabu vilikuwa sakafuni. Juu ya kiti kulikuwa na mto mpya, ungali ndani ya nailoni ya dukani.

"Miaka mingi sijapata wa kubishana naye," alisema mzee, akimimina chai vikombe viwili. "Kaa. Ile hoja yako ya bei ya mahindi siikubali hata kidogo."

Hidaya akakaa ukingoni, kwaheri yake ingali mdomoni, na nailoni ikalia chini yake katika chumba kile kimya.