Gari la Bi Zamoyoni

Sheria ilikuwa wazi: gari kuukuu haliuzwi mpaka lenyewe limweleze mnunuzi kwa nini linauzwa. Hizza aliijua, ila siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye keria ya ngazi juu ya gari aliloletewa na tangi la maji lililofungwa nyuma yake. Alikuwa akisafisha madirisha ya maghorofa ya Tanga, na mkewe, Mwanahija, alikuwa amechoka kumwona akipakia ndoo kwenye bajaji.

"Hili ndilo letu, baba Rukia," alisema Mwanahija, akakaa kiti cha mbele, kando ya Hizza aliyekuwa kwenye usukani.

Gari likaanza kusema, taratibu. "Nilikuwa la Bi Zamoyoni, msafisha madirisha. Wateja walimkimbia baada ya mtu kuwapigia simu kuwaambia kuwa ni mwizi. Hakuiba kitu. Siku hizi anaumwa presha, hatoki nyumbani. Mteja mmoja alimrushia sauti aliyoirekodi ya simu hiyo, naye Bi Zamoyoni akaisikiliza humu ndani. Ninayo. Mnataka kuisikia?"

"Hakuna haja," Hizza alisema, upesi mno.

Mwanahija akamgeukia. "Tuisikie."

Hizza akamshika mkono. "Mama Rukia, usiisikilize," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Mwanahija alishuka, akaurudisha mlango polepole, akamwendea muuzaji kumuuliza Bi Zamoyoni anakaa mtaa gani. Hizza alibaki kwenye kiti cha dereva, ameinamisha kichwa, na gari, ambalo lilikuwa limeshaitambua sauti yake, likamuuliza kwa adabu kama bado analitaka.