Ngoma ya Kabila Lililotoweka

Bibi Tabutany alijigamba kwamba angeweza kuutambua mzinga wowote wa nyuki kwa harufu tu, hata akifumbwa macho. Ila yale mafua yake ya miaka kumi hakuyataja.

Siku hiyo, katika makumbusho ya mji, wala hakuhitaji pua. Gogo la mwerezi lilikuwa pale kando ya dirisha lililo wazi, ubavuni lina mikato mitatu ya shoka, chapa ya ukoo wa baba yake. Wakoloni walilibeba asubuhi ile walipochoma nyumba za ukoo huo na kuwaswaga wenyewe nje ya msitu. Kibao kilisema: "Ngoma ya kabila lililotoweka."

"Nani katoweka?" Bibi akauliza, akijipapasa mabega kuhakikisha. Wageni wakaangua kicheko.

"Bibi, usitukorogee historia," alisema Lusweti, mtembeza wageni. "Hii ni ngoma. Wenyewe waliitoa zawadi, kwa hiari yao."

"Kwa hiari! Mwanangu, huu ni mzinga wa baba, na leo narudi nao nyumbani."

"Kama ni mzinga, thibitisha."

"Ufungue."

"Ngoma haifunguki! Tangu enzi za wazungu hakuna aliyeitia mkono."

Bibi akaking'oa kifuniko taratibu, akiwabembeleza nyuki walioanza kuvuma ndani kwa mluzi mdogo, kama baba alivyomfundisha. Ndani, sega bichi lilimeta, nusu limemegwa, na katikati yake kimesimama kijiko cha chai.

Wageni wote wakamgeukia Lusweti. Nyuki mmoja alikuwa ametua kidevuni pake, akitembea polepole kama anayetafuta chake.