Macho ya Mzee Gelle

"Nyota ile ni moja tu," inspekta alisema, akinyoosha kidole upande wa kaskazini. "Wanaosema ni mbili wana makengeza."

Sharifo alimfinya mumewe paja chini ya shuka. Mzee Gelle akalimeza alilotaka kulisema.

Swala ya magharibi ilikuwa imekwisha. Inspekta, mgeni aliyetoka Garissa, alikuwa amesimama mbele ya kibanda chao, na nyuma yake lori lilikuwa likinguruma. Watu wa kijiji kile cha seng'enge, hapo karibu na Balambala, walichungulia milangoni. Amri ilikuwa mtu asitoke nje jua likishazama, lakini hakuna aliyeamriwa asichungulie.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa vita vya serikali na shifta, waasi wa porini, ingawa wakati huo nani angejua kuwa ni wa mwisho? Serikali ilitaka wasoma nyayo. Na msoma nyayo kazi yake ni kutangulia mbele ya askari porini, kwa hiyo risasi ya kwanza huwa ni yake. Wawili walikwishachukuliwa tangu Ramadhani, na hakurudi hata mmoja.

Sasa inspekta alikuwa amesikia habari za Mzee Gelle, na nani hakuzisikia? Ngamia akikupotea, ulikwenda kwa Gelle. Alikukaribisha chai, mkaongea, mkewe akaenda mtoni kuteka maji na kurudi, na hapo ndipo mzee alipokwambia: ngamia wako kapita kule, anachechemea mguu wa nyuma, na aliyemwiba amevaa makubazi mapya. Habari za nyota ndiyo usiseme. Siku ya kuhama, siku ya kuwaachia madume kondoo, yote aliyatoa juu.

Na leo mzee huyohuyo alikuwa akiapa kwamba haoni.

"Huoni tangu lini?" inspekta aliuliza.

"Samani, afande. Tangu ile ndui nabita."

"Na ngamia wa chifu, mwezi uliopita? Ulimwona kwa pua?"

Milangoni watu wakacheka kwa chini. Wao pia waliona mzee anadanganya, ila waliona anadanganya vizuri, wakamwombea Mungu.

Sharifo hakumwogopa inspekta. Alichokiogopa ni mdomo wa mumewe. Gelle alivumilia njaa, alivumilia kiu, hata seng'enge aliivumilia. Mtu kukosea habari za nyota mbele yake, hilo hakuliweza. Na inspekta, ama aliambiwa na mtu, ama alijigundulia mwenyewe, alionekana kulijua.

Alikuwa na darubini ya shaba yenye miguu mitatu, na huyu hakuwa mtu wa kujifanya. Nyota alizipenda kweli tangu shuleni. Konstebo Bare aliisimika, akaielekeza mkiani mwa lile kundi la nyota liitwalo Dubu, kwenye nyota ileile aliyosema ni moja. Inspekta akamwinua mzee, jicho la kulia akaliweka kwenye bomba, la kushoto akaliziba kwa kiganja.

Kisha akaanza kufundisha kwa sauti ya kimwalimu. Haya, alisema, nakubali, pembeni ya ile kubwa ipo na ndogo, jina lake Suha, ambayo Waarabu wa zamani waliitumia kupimia macho ya watu. Mwenye macho mazima huziona mbili bila bomba. Na akizitazama kwa bomba, ile kubwa nayo humtolea jambo jingine.

"Na Suha iko kushoto kwake," akamalizia. "Kushoto kabisa."

Sharifo akalitafuta paja la mumewe. Lilikuwa mbali.

"Kulia," Mzee Gelle akasema. "Suha iko kulia, afande. Mimi namuona sasa hifi. Nainama chini kidogo, kama mtoto nafuata mama."

Inspekta akapiga makofi, mara moja, taratibu, akaamuru mzee apandishwe lorini. Askari wawili wakamshika mzee mikono, na Bare akainama kuikunja darubini.

Bare akasita. Akakohoa.

"Afande," alisema, "kifuniko."

Kifuniko cha ngozi kilikuwa kingali mbele ya darubini, kimefungwa na kamba yake. Inspekta akakitazama. Akamtazama mzee. Akakifungua kwa mkono wake mwenyewe, labda akidhani kingegeuka kitu kingine. Kicheko kilianzia kibanda cha mwisho, kikaja kibanda kwa kibanda, kikamfikia mpaka dereva.

"Huyu ni kipofu kweli," inspekta akasema, "ila anaona haya kuwa kipofu. Mwacheni."

Akaenda lorini upesi, akimfokea dereva. Bare alibaki akihangaika na ile miguu mitatu iliyokataa kukunjika, na Sharifo, mama wa watu, akaenda kumsaidia kuishika.

Lori lilipotoka langoni, jirani yao Kulow alikuja mbio, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Adeer, mzee wangu, werevu nimeuona, lakini si kama huu wa leo. Unakiona kifuniko, unajifanya unaona nyota, ili waamini huoni."

Mzee Gelle akageuza uso kumtazama, upande ambao Kulow hakuwapo.

"Kifuniko gani?" akauliza.

Sharifo akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamsogelea sikioni kama afanyavyo kila siku arudipo mtoni.

"Buti la kushoto la inspekta limeng'oka msumari wa kisigino," alinong'ona. "Na nyota yako, baba Ogle, nimeichungulia kwenye bomba lao nilipomsaidia yule konstebo. Zile ni tatu. Ile kubwa yenyewe ni mbili, zimegandana kama pacha. Kesho uwaambie watu."